Mpangaji

Huku Porto, nyuma ya majumba yenye vigae vya buluu,
kuna vichochoro ambavyo wenyeji huviita visiwa.
Bahari yetu ni bomba moja uani
na choo cha zamu.
Mimi Deolinda nimepanga humu, nambari tisa.
Mita kumi na sita, mkataba umesema.
Mkataba haukuhesabu kuta.

Nilikuja na kabati la mama, la mti wa mjozi.
Likafika kizingitini, likagoma
kama ng'ombe mbele ya josho.
Nyumba njema si mlango, watu husema.
Waliosema hawakuwa wamebeba kabati.
Zulmira alisukuma, mimi nikavuta,
mzee Gaudencio akatoa ushauri,
maana ushauri hauna uzito.
Mvua ikaanza.
Usiku ule kabati lililala uani chini ya nailoni,
nami ndani, sakafuni,
tukatazamana kupitia dirishani.

Alfajiri nikaazima bisibisi.

Samahani, mama.
Mlango mmoja ukawa meza,
wa pili kibao cha kupigia pasi, kisha rafu, kisha tena kibao.
Droo zikaenda uvunguni:
ya kwanza soksi, ya pili viazi, ya tatu barua zako.
Sasa barua zanukia udongo
na sijui kama hilo ni kosa.

Kioo nikakitundika mkabala wa dirisha.
Jua hutupitia dakika ishirini tu, saa nne asubuhi,
kama mtu aliyekosea anwani.
Likakuta kioo, likageuka, likakawia.
Hiyo ndiyo samani yangu ya thamani kuliko zote
na hakuna aliyenitumia ankara.

Ofisini ninakofagia, mafundi waliacha makopo ya rangi nusunusu.
Nilianza na ukuta wa kitandani, kijani cha zeituni,
nikafika usawa wa kiuno, kopo likakauka.
Nikachora mstari ulionyooka, nikasimama nyuma, mikono kiunoni.
Zulmira akasema, ah, ndio mtindo wa siku hizi!
Nikasema ndiyo.

Nyuma ya jiko nimebandika vigae vilivyovunjika,
kila kimoja yatima wa nyumba tofauti:
hapa mguu wa farasi, pale nusu ya malaika,
katikati ua ambalo petali zake hazikubaliani.
Na shuka kuukuu imekuwa pazia.
Huku chumbani, kule sebuleni.
Siku nikichoka na chumbani, ninavuta pazia,
najikuta nimekwenda kutembea.

Nimepanga na ninapanga,
kazi mbili kwa neno moja,
ila ya kwanza nailipia kila tarehe tano
na ya pili hainiishi.

Machi alikuja mpwa wa mwenye nyumba,
viatu vyeupe, kifaa cha kupimia mkononi.
Kitone chekundu kikaruka ukutani,
kikagusa zeituni, kikagusa malaika,
kikatulia sekunde moja kifuani mwangu.
Kumi na tano nukta nane, akasema,
kana kwamba nimekula kile kilichopungua.
Akatazama huku na huku.
Vitu vyako unaweka wapi, mama?
Nikamwambia, kimoja umekikalia.
Akainuka upesi, akafunua sanduku la machungwa,
akaona mablanketi, akalifunika kwa adabu.
Wanataka wageni wa siku mbili mbili, akasema,
watu hupenda vyumba vidogo wakiwa na tiketi ya kurudi.
Barua itakuja.
Kisha akapiga picha ya ukuta.
Rangi hii nzuri, umeipata wapi?

Ni Juni sasa. Barua haijafika.
Nimepanda kotimiri kwenye bati la biskuti,
nimehamisha kitanda shubiri moja
ili mlango wa jiko ufunguke wote.
Parafujo za kabati, kumi na mbili,
zimo ndani ya chupa ya jemu, rafu ya juu.
Jana nilizimwaga mezani nikazihesabu.
Zote zipo.

Bisibisi ya Gaudencio bado sijairudisha.