Hesabu Sawa

Mie fundi, duka langu Majengo, mlango wa kijani,
na kanzu haitoki kwangu kabla sijahesabu pini.
Kumi na mbili zimeingia, kumi na mbili zitoke.
Nikikosa moja nashuka chini na sumaku.
Mama alinifunza: pini ukiisahau wewe, yenyewe haisahau,
itajikumbusha shingoni mwa bwana arusi.

Basi niambieni, nyie mliosoma.

Nilipasuliwa usiku wa kuamkia Ijumaa.
Mtoto alikaa kitako, hataki kugeuka.
Kwa ganzi ya mgongo nilisikia yote:
mkasi, redio ya mlinzi dirishani,
mtu akisema, "Umeme ukikatika tena, mimi siwezi."
Ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa.
Kisha kilio cha mtoto. Kisha uzi.
Ule uzi niliusikia ukipita; fundi huusikia uzi hata akifa nusu.
Walinishona vizuri, sitawadhulumu katika hilo.
Mshono wa nje haukuwa na kasoro.

Miezi kumi na minne
tumbo likinijia kama mdai, halibishi hodi.
Gesi, wakasema Kisauni, kunywa maziwa.
Vidonda vya tumbo, wakasema Tudor, acha pilipili.
Wifi yangu Swabaha akaniletea kombe,
nikanywa zafarani hadi mate yakawa manjano.
Mama mkwe hakusema neno. Alilitazama tumbo,
akahesabu kwa vidole vya mkono aliouficha ndani ya leso.
Hata mimi nikaanza kuamini:
labda wa pili yumo, amegoma kuzaliwa.

Aliyekiona ni kijana wa eksirei, Katana.
Kidole chake kilisimama kwenye picha.
"Mama, hiki nacho?"
Uzi mweupe, umejikunja kama tambi
katikati ya giza langu.
Akanieleza: uzi huo hutiwa makusudi kwenye shashi za upasuaji,
ili shashi ikipotea mtu ionekane.
Nikacheka mpaka mshono ukanivuta.
Kumbe aliyeifuma alijua! Huko kiwandani,
fundi mwenzangu asiyenijua jina
alinitilia uzi wa kunitafutia.

Walipoitoa niliomba niione.
Upana wa viganja viwili, rangi ya chai ya jana,
na harufu ambayo sitaiandika.

Faili langu lilipotea, likapatikana, likapungua kurasa.
Ukurasa uliosalia una safu tatu:
mikasi, sindano, vitambaa.
Na chini, kwa wino wa buluu, mkono usiotetemeka:
*Hesabu sawa.*

Wakili wao alikuja na bahasha.
Pesa za cherehani tatu za umeme na chenji ya biriani,
nami nitie sahihi nisiseme.
Nikamuuliza, na sahihi hii ya buluu ni ya nani?
Akasema hilo halimo katika mazungumzo.
Nikamrudishia kalamu yake, kifuniko nikakisahau mkononi.
Ninacho mpaka leo.

Nimesikia kwa watu: muuguzi alikuwa peke yake,
vyumba viwili vya upasuaji, usiku wake wa tatu bila kulala.
Nimejaribu kumchukia. Naanza vizuri,
kisha namwona akihesabu gizani,
saba, nane, nane,
na daktari akimwambia, andika, andika twende.

Leo, baada ya magharibi, kanzu ya arusi ya kesho.
Mwenyewe kasimama mlangoni, pikipiki haijazimwa.
Pini kumi na moja.
Nahesabu tena. Kumi na moja.
"Mama fundi, nipe tu hivyo hivyo, itajitokeza."

Nimemfungia mlango.
Niko chini kwa magoti, sumaku mkononi,
kovu linanivuta kila nikiinama.
Arusi na ingoje.