Zamu ya Usiku

Mashine ililetwa Jumatatu, baada ya chai ya saa nne,
ndani ya laptopu nyembamba kama sinia ya kashata.
Meneja akasema, "Huyu halali, wala haombi likizo."
Sisi tukatazamana,
kila mtu akihesabu karo moyoni.

Miaka kumi na tisa nimejibu barua za wageni
katika hoteli hii ya Malindi,
kwa Kitaliano nilichookota jikoni, sahani kwa sahani,
nikakinyoosha usiku kwa kamusi isiyo na jalada.
Yeye alikuja nacho chote.
Sikumwonea wivu. Nasema uongo: nilimwonea.

Wiki ya pili akamwandikia bibi wa Bergamo:
"Tunawasubiri nyote wawili, chumba kilekile,
vitanda vimeunganishwa kama mpendavyo."
Barua safi, haina kosa hata la nukta.
Ila mimi ndiye niliyempigia bibi yule simu mwezi wa Machi,
mumewe alipozikwa, nikanyamaza naye
mpaka salio likaisha.

Niliizuia kabla haijaondoka.
Nikampelekea Bwana Kaingu nakala, bila neno.
Akaisoma mara mbili, akavua miwani.

Ndipo tukaketi sote, chumba cha kufulia,
Thoya wa mashuka, Dama wa mapokezi, Athumani wa jenereta,
tukapatana haya, nyuma ya risiti ya sabuni:
usiku ni wake: bei, tarehe, wanaouliza kama kuna feni;
mwenye msiba, mwenye hasira, mwenye fungate, ni wetu.
Saa atakazookoa tugawane: Ijumaa tutoke saa sita,
na asiwepo wa kuambiwa Jumamosi asirudi.
Dama akauliza, "Na ahadi ikivunjwa?"
Kaingu hakujibu upesi.
Nilimpenda kidogo kwa hilo,
lakini risiti niliitia kwenye pochi yangu.

Sasa nafika asubuhi nakuta kazi ya usiku imepangwa.
Naisoma kama mtu achambuaye mchele:
mwingi mzuri; chuya, chuya,
jiwe.

Bibi wa Bergamo anakuja Desemba, peke yake.
Thoya ameuliza: vitanda avitenganishe, au kimoja akitoe?
Nikasema akitoe.
Kisha nikasema hapana, ngoja kwanza,
nitampigia.