Taji la Saa Moja

Kila jioni saa moja mama hunitumia taji.
Hakuna salamu, hakuna hata nukta.
Taji tu, la dhahabu, lenye vito vyekundu,
kutoka Mbale kule Vihiga hadi kwenye simu yangu yenye ufa
hapa Kibuye, Kisumu.

Nami, mtoto wa nne, niliyelelewa
ndani ya suruali zilizokwisha kuvaliwa na watatu,
ningefanyaje? Nikavimba.
Nikamwonyesha Agalo: "Tazama. Mama anajua alimzaa nani."
Agalo akaweka nyundo chini. "Mfalme wa mabati?"
Tangu siku hiyo karakana nzima huniita Mtukufu.
Chai yangu huja na saluti. Deni langu la maandazi
Mama Awiti ameliandika daftarini,
na kando yake amechora taji: mia mbili na arubaini.

Likaenea, kama mambo yanavyoenea Kibuye.
Aliyechelewa kazini, taji.
Aliyelenga msumari akapata kidole, taji, tena mawili.
Nekesa wa duka la rangi alinitumia moja
usiku, bila neno,
nikakesha nikilipima: ni sifa? ni kejeli?
au kidole chake kiliteleza
kikitafuta nyanya?

Mwezi wa nane nikaenda nyumbani.
Nikatua sukari mezani, nikajinyoosha kidogo
kama mtu mwenye enzi:
"Mama, asante kwa kunivika taji."

"Taji gani?"

Nikafungua simu, nikamwonyesha.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Kisia, mwanangu, hilo si jiko?"

Jiko.
Mafiga yake hayo yamesimama,
makaa yameiva,
na hiki cha buluu ni mwali wa karatasi ya kuwashia.
"Nikiwasha nakutumia, ujue mimi nimewasha.
Wewe sasa, sijui kama umewasha
au umelala hivyo hivyo."

Mimi! Nikataye majiko kumi na mawili kwa siku,
ambaye hata usingizini masikio yanalia bati,
nimeletewa jiko
nikainamisha kichwa nivikwe.

Na pale pembeni lilikuwepo lile langu la kwanza,
la siku za uanagenzi, limepinda, figa moja fupi,
amelitegemeza kwa kigae.
Sufuria haijawahi kumwagika, akasema.
Ila mara mbili.

Siku hizi saa moja ikifika namjibu.
Nawasha, nabandika maji ya ugali,
ndipo namtumia taji langu.

Juzi nilimtumia na Nekesa.
Akauliza: maana yake nini?
Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:
njoo, maji yanachemka.