Safu ya Mengineyo

Fomu ya serikali ina safu kumi na nne.
Petroli ya pikipiki ya theluji, ipo.
Betri, posho, tiketi ya ndege toka Ottawa, zipo.
Nikatafuta pa kumweka Taqtu.
Imebaki "Mengineyo": dola mia mbili, pamoja na kahawa.

Taqtu, ambaye jana
chombo chetu kiliposema sentimita tisini, piteni,
alishuka, akaigonga barafu mara tatu kwa ncha ya chusa,
akatega sikio,
akatamka neno lisilokuwemo daftarini mwangu:
barafu iliyooza kwa chini, inayoliwa na mkondo.
Tukazunguka. Saa nne za baridi, mimi nikinung'unika.
Leo asubuhi pale ni maji meusi.

"Mtaalamu," fomu inauliza, "ana shahada gani?"
Namuuliza. Anacheka, ananimiminia chai.
Baba yake alizama yeye akitazama.
Tangu siku ile, anasema, husikiliza.

Nimeandika: Shahada, moja. Ada ilishalipwa.
Malipo kwa siku: sawa na yangu.

Mhasibu atapiga simu, najua.
Atataka risiti.
Nitamwambia aje mwezi wa tano, na viatu vizito,
atembee nyuma ya Taqtu.