Chai ya Madaktari, Mkoani

Nilipochukuliwa jikoni kwa madaktari wa Kichina
niliambiwa: wapikie chakula chao.
Chao kipi? Nilidhani China ni kama Makoongwe,
ukionja chungu cha nyumba moja umeonja kisiwa.

Daktari Kuo wa Tianjin hakutaka mchele asubuhi.
Alinionyesha: unga wa choroko, maji, kikaango cha moto,
rojo likatandazwa jembamba kama shashi,
yai likapasuliwa juu yake, vitunguu majani, kunja.
Nikamwambia, hii chila iliyosafiri.
Hakucheka. Kwao, alisema, ndani hutiwa kitu kikavu
kinacholia kikivunjika,
na bila mlio ule, si chochote.

Daktari Su, mtu wa kusini, Guangdong,
yeye ni uji: mchele uchemke
mpaka usahau kuwa ulikuwa mchele,
vipande vya changu, tangawizi nyembamba kama sindano.
Kuo akauchungulia.
"Chakula cha mgonjwa."
"Ndiyo maana siugui," akajibu Su, akachota tena.

Peng wa Wuhan alikula wima,
tambi zimegaagaa kwenye ufuta uliosagwa,
bakuli mkononi, huku na huku barazani.
Mimi nimelelewa kuwa alaye akitembea hana kwao.
Kwao, alisema, asubuhi mji mzima hutembea hivyo.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa vya maziwa ya soya.
Kuo sukari.
Muuguzi Yun wa Nanjing, chumvi, na siki nyeusi juu yake,
maziwa yakakatika mabongemabonge mbele ya macho yetu.
"Umeyaharibu!"
"Nimeyamaliza kupika."

Mimi kimya, nasugua sufuria.
Ugomvi huu naujua.
Marehemu Pandu alikuwa mtu wa Makunduchi,
na miaka kumi na tisa tulizozana kwa muhogo:
yeye autaka wa nazi, na papa mkavu
anayenuka mpaka kwa jirani;
mimi wa Kengeja nautaka mtupu, na chai ya mchaichai.
"Nyinyi Wapemba." "Nyinyi Waunguja."
Na huko duniani, anayetujua anatujua kwa jina moja.

Kisha usiku ule wa mama wa Wambaa, mapacha wamekaa vibaya.
Umeme ulikatika, wakamulikwa kwa tochi mpaka alfajiri.
Walirudi watano watano kwa uchovu, ingawa walikuwa wanne.
Ghalani hakuna choroko, hakuna soya.
Nilikuwa na mchele wa kibaba na nusu, nazi mbili, pilipili manga.
Nikapika uji wetu, ule wa mwezi wa Ramadhani,
nikaweka sufuria katikati, kila mtu na lwake.

Su akatafuta samaki wa jana.
Kuo akamega mkate wa ufuta, akautosa, akautoa ungali mgumu.
Peng, kwa mara ya kwanza, alikaa.
Yun akatia siki; hakuna aliyesema neno.
Watoto? nikauliza. Wawili, wakasema. Wazima.
Halafu, mmoja baada ya mwingine: "Kama kwetu."

Waongo.

Wangu niliuchota mwisho, ukoko na yote,
nikakaa kizingitini, nikafungua karatasi,
nikaupukusia papa.
Kidogo tu.
Chumvi ilizidi. Nikaula wote.