Daraja na Kioo

Ghorofa ya pili, karibu na barabara ya Wilson,
Kawooya ameziweka mbili juu ya kitambaa chekundu
kama mahari inayosubiri wajomba waikague.
Nina milioni mbili na laki tatu, zimefungwa kwenye leso,
akiba ya miaka miwili ya picha za pasipoti,
za mahafali, na za maiti wa watu.

Hii kubwa, anasema, inaitwa kamera ya daraja.
Nikacheka. Kwetu Kilembe
daraja ni kitu ambacho mto Nyamwamba hukibeba
usiku mmoja wa mvua, na asubuhi mnapungiana mikono
ng'ambo na ng'ambo.
Kawooya hacheki. Alikulia kambini Jinja,
Kiswahili chake kimepigwa pasi, na akiuza hughani:

Hii pua yake ndefu, huvuta yaliyo mbali,
Haihitaji mkufu, wa lenzi zenye ughali,
Unyoya japo hafifu, utauona kamili,
Lipa leo, nenda zako, usirudi kwa maswali.

Na hii ndogo?
Hiyo haina kioo ndani, akasema, sauti chini,
kama anayetaja kasoro ya bibi harusi.
Haina kioo, ila gizani inaona.
Lenzi yake moja tu, fupi kama kidole gumba.
Nyingine utanunua Mungu akipenda.

Baba yangu, Thembo, alibeba mizigo ya wageni
mpaka barafuni, misimu kumi na tisa.
Sasa magoti yamestaafu, macho yameingia ukungu,
na theluji, nzururu yetu, inapungua
kama sabuni ya wapangaji.
Alisema: Masika, niletee mlima hapa mkekani
kabla haujaisha.
Basi pua ndefu.
Lakini ugali wangu uko gizani:
ukumbi wa harusi wenye taa moja na jenereta linalokohoa,
matanga, jikoni usiku wa kuamkia sherehe,
huko ambako picha zangu hutoka masizi
na mteja huuliza, huyu ni shangazi au gunia?
Basi ndogo.

Nikaomba kujaribu. Dirishani nikavuta, nikavuta,
hadi roshani ya ng'ambo ikanigusa kope:
mwanamke amevua kiatu, anasugua kidole,
anahesabu noti, midomo inacheza,
anahesabu tena. Hazitoshi.
Nilijua kabla yeye hajakubali.
Nikashusha kamera kama mtu
aliyekutwa mkono umo mfukoni mwa mwenzake.

Nikashika ile ndogo, nikamgeukia Kawooya
kule konani kwenye makasha, pasipo taa.
Akakaza kola. Akakohoa.
Akauliza kwa sauti isiyo ya duka:
Nicheke, au nisicheke?
Sikujibu, nikabofya.
Kovu chini ya jicho, na uchovu
ambao mashairi yake hayakuutaja.
Aliitazama picha ile muda mrefu.
Kumbe nimefanana na mzee, akasema,
akapunguza elfu themanini.

Juzi kulipambazuka bila wingu hata moja.
Nikaupiga mlima nikiwa uani, kuku wakinidonoa ndara.
Kumbe kioo inacho, nyuma, kidogo kama kiberiti,
na humo theluji ilikuwa punje,
chumvi iliyomponyoka mpishi.
Baba akaisogeza hadi puani. Iko wapi?
Hapa, baba. Hii nukta.
Akaipapasa kwa ukucha, akacheka hadi akapaliwa:
Ndivyo ilivyo. Hata siku nilipoikanyaga
ilikuwa bado mbali.

Halafu akauliza bei.
Nikamdanganya.