Mwenye Nini?

Karatasi zimenifikia Wete kwa Kihispania,
kurasa kumi na moja, muhuri wa buluu,
nami nalipwa kwa ukurasa
nizigeuze Kiingereza kabla ya Jumatatu.

Kiwanda kinachotajwa ni banda la Tumbe:
sufuria tatu, mizani iliyopinda mkono,
sabuni za mwani zinakauka juu ya chaga.

Ukurasa wa kwanza umeandika dueño.
Nikasema hili jepesi, ni mwenye.
Lakini mwenye hasimami peke yake,
sharti umshikishe kitu:
mwenye duka, mwenye shamba, mwenye deni.
Ukimwacha mikono mitupu anaanguka.

Wa tatu, propietario.
Huyo mmiliki, kavaa koti,
ana hati, na hati ina namba.
Hanuki mwani hata kidogo.

Wa sita, titular: mwenye jina kwenye leseni.
Jina ni la Mgeni Hamad,
kwa kuwa siku ya kuandikisha
kitambulisho chake ndicho pekee
ambacho picha haijafutika.

Wa tisa, patrón.
Hapo nikaweka kalamu chini.
Kwetu huyo ni tajiri,
na tajiri wa Tumbe, Bimkasi Shaame,
juzi kakopa boflo mbili
akaandikwa daftarini na kijana wa dukani,
kwa herufi kubwa: TAJIRI, BOFLO 2.

Kiingereza nacho kina maneno yake, hakikosi.
Tatizo ni fomu ya ofisi.
Wote wanne, nafasi moja.

Alhamisi nikenda mwenyewe.
Nikauliza, "Nani mwenye hapa?"
Bimkasi hakuinua mwiko.
"Mwenye nini?"

Nikasema mtaji. Akataja mtu wa Valensia.
Nikasema leseni. Akamwonesha Mgeni kwa kidevu.
Nikasema hasara.
Wakatazamana, wakacheka,
na Mgeni akanivulia glavu nione vidole,
magadi yalipopita.

Ndipo mtoto akaja na noti iliyokunjwa,
akasimama nje ya mlango:
"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" wakaitika,
Bimkasi, Mgeni, na yule bibi wa kukata vipande
ambaye hayumo katika ukurasa wowote.
Hata mimi mdomo ulishafunguka.

Usiku nimerudi kwenye fomu.
Nafasi yenyewe ni upana wa kidole gumba.
Nimeandika kwa penseli,
nikafuta, karatasi ikaanza kutoboka.